Sanduku Nyuma ya Kiti

Mjomba wangu alikuwa seremala, na kama maseremala wengi wa rika lake, alikuwa anaelekea kuwa kiziwi. Karakana yake ilikuwa Ngamiani, Tanga, chini ya mwembe mkubwa, na humo mlikuwa na mashine ya randa iliyonguruma tangu asubuhi hata adhuhuri. Hakuna aliyewahi kumwambia azibe masikio. Kufikia mwaka 1994 ilikuwa lazima usimame mbele yake aone midomo yako ndipo akujibu. Sauti nyembamba zilikwisha kumtoka zote, za ndege na za watoto. Alizobaki nazo ni zile nzito tu, kama mngurumo wa lori, mawimbi ya bahari na ngoma.

Naanza na habari hiyo kwa sababu nataka kumsimulia msomaji historia ya sanduku la spika, sanduku la kawaida kabisa la kuwekwa nyuma ya kiti cha pikapu, na mtu aliyenifundisha sanduku hilo ni huyo huyo asiyesikia.

Binamu yangu, mwana wa mjomba, alikuwa na pikapu, Toyota Hilux ya kabini moja. Siku za kazi alibeba samaki kutoka Pangani, na siku za mapumziko gari lilikodiwa kwa harusi. Vijana wa mjini walikuwa wameanza kuchagua magari kwa muziki wake. Gari lisilo na besi, hata likiwa zima namna gani, lilisimama kijiweni likitazama wenzake wanaondoka. Binamu akajinyima miezi mitatu, akanunua amplifaya na spika moja ya inchi 10, akampelekea baba yake amtengenezee boksi. Mjomba alikuwa ameyaona maboksi ya disko, makubwa, yenye tundu chini ya spika. Akatengeneza dogo la mfano huo, la mbao safi, lenye tundu la kukadiria kwa macho. Lilipendeza sana. Siku ya nne, njiani, spika ilipiga kelele kama bati linalogongwa, ikanyamaza. Koili ilikuwa imekatika.

Mimi wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha ufundi, likizoni. Nililitazama boksi lile, na mbele ya vijana wake wote wa karakana nikamwambia mjomba, kwa sauti kubwa ili asikie, kwamba kosa ni lake kwa kuwa hajui hesabu. Mjomba alinitazama midomo hadi nikamaliza. Kisha akasema, "Haya, mpwa wangu. Lifuatalo utalitengeneza wewe." Akarudi kwenye randa yake.

Ndipo nilipolazimika kujifunza kile nilichojidai kukijua. Nikaenda kusoma, na katika kusoma nikakuta kuwa hilo sanduku, ambalo kila mtu mtaani aliliona kuwa mbao nne na misumari, lilikuwa na historia ndefu kuliko nilivyodhani.

Spika na pikapu vilizaliwa mwaka mmoja. Mwaka 1925 kampuni ya Ford ya Marekani ilianza kuuza gari lake la Model T likiwa na bodi ya kubebea mizigo iliyotoka nayo kiwandani, kwa bei ya dola 281. Kabla ya hapo mkulima aliyetaka gari la namna hiyo alinunua gari, akakata sehemu ya nyuma, akampa seremala amjengee sanduku la mbao. Mwaka huo huo wa 1925, Chester Rice na Edward Kellogg, wahandisi wa kampuni ya General Electric, walitangaza spika yao ya koni ya karatasi, iliyosukumwa na koili ya waya iliyoning'inia katikati ya sumaku. Kabla yao redio zilitoa sauti kwa pembe iliyofanana na tarumbeta. Spika ya leo, ya shilingi chache au ya mamilioni, kwa msingi wake ni ile ile ya mabwana hao wawili.

Rice na Kellogg waliona upesi kwamba spika iliyo wazi haina besi. Sababu yake ni nyepesi. Koni inaposukuma hewa mbele, wakati huo huo inavuta hewa nyuma. Sauti nzito ina mawimbi marefu ambayo huzunguka ukingo wa spika kwa urahisi, hivyo msukumo wa mbele hukutana na mvuto wa nyuma, na viwili hivyo huondoana, kama watu wawili wanaovuta kamba moja kwa nguvu sawa, kila mmoja upande wake. Lazima pawe na ukuta wa kuzitenga hewa hizo mbili. Hapo ndipo kazi ya seremala ilipoingia, na haijatoka hadi leo.

Mtu angeweza kudhani kuwa ukishafunga nyuma, mambo yamekwisha. Lakini hewa iliyofungwa ndani ya sanduku nayo ina nguvu yake. Ukiisukuma, inakusukuma. Wahandisi wa miaka ile waliiona hewa hiyo kama adui, na mmoja wao, Albert Thuras wa maabara ya Bell, akaona afadhali aitumikishe. Aliomba hataza mwaka 1930, akapewa mwaka 1932. Wazo lake lilikuwa kutoboa tundu lenye shingo katika sanduku, ili hewa iliyo ndani ya shingo itetemeke kwa sauti maalumu na kuisaidia koni. Hili linajulikana na kila mtoto aliyewahi kupuliza mdomo wa chupa ya soda. Mwanasayansi wa Kijerumani, Hermann von Helmholtz, alikwisha kulieleza kwa hesabu katika karne ya 19: ukubwa wa chombo, upana wa shingo na urefu wake ndivyo vinavyoamua sauti itakayotoka.

Niliposoma hapo nikaelewa spika ya binamu ilikufa kwa ugonjwa gani. Tundu la namna ile huishika koni barabara inapotoa sauti ya tundu hilo na zilizo juu kidogo yake. Chini ya hapo hewa huingia na kutoka tu, koni ikawa haina kinachoizuia, ikarukaruka mpaka koili ikagonga chuma. Mjomba alikata tundu kubwa na fupi katika boksi dogo. Sauti ya tundu hilo ilikuwa juu mno, na muziki aliopenda binamu ulikuwa chini mno. Kosa lilikuwepo, basi. Lakini nilipotaja kosa kwa kelele mbele ya watu sikuwa nikijua ni kosa gani. Nilibahatisha tu.

Njia ya pili ilipatikana mwaka 1954. Edgar Villchur, mwalimu na mwandishi wa mambo ya sauti huko New York, alikuwa amechoshwa na spika zenye ukingo mgumu uliopinda sauti kila muziki ulipopanda. Akauliza: kwa nini kazi ya kuirudisha koni tusiiachie hewa ya ndani ya sanduku, kwa kuwa springi ya hewa ni laini na ya haki kuliko springi ya karatasi na gundi? Akachukua spika ya zamani, akaukata ukingo wake, akaweka mwingine uliolegea wa kitambaa cha kushonea magodoro, mkewe Rosemary akimsaidia katika mkato wake. Sanduku akalifunga lisipitishe hewa. Besi iliyohitaji kabati zima ikatoka katika sanduku la kubebwa mikononi. Yeye na Henry Kloss, aliyekuwa mwanafunzi wake, wakaanzisha kiwanda chao, Acoustic Research, katika mji wa Cambridge, Massachusetts. Kile kilichodhaniwa kuwa adui kilikuwa kimefanywa mfanyakazi.

Lakini hata baada ya Villchur, mafundi wengi waliendelea kukadiria. Walijenga, wakasikiliza, wakabomoa, wakajenga tena. Aliyekata mzizi wa fitina alitoka mahali ambapo wengi hawakutazamia. Mwaka 1961 mhandisi wa Australia, Neville Thiele, alichapisha makala katika jarida la wahandisi wa redio wa nchi yake, akionyesha kwamba spika na sanduku lake vinaweza kuhesabiwa kama saketi ya umeme inayochuja mawimbi. Makala hiyo ilikaa miaka kumi bila ya kusomwa sana nje ya Australia, hadi ilipochapishwa upya Marekani mwaka 1971. Katika miaka ya 1972 na 1973 Richard Small, aliyefanya utafiti wake Chuo Kikuu cha Sydney, akaikamilisha kazi hiyo katika mfululizo wa makala. Tangu hapo kila spika nzuri hutoka kiwandani na karatasi yenye tarakimu chache zinazobeba majina ya hao wawili.

Nami nimependa sana kwamba ni Australia. Huko huko, katika mji wa Geelong, ndiko Lewis Bandt wa kampuni ya Ford alikochora mwaka 1934 gari lenye kabini nzuri mbele na sanduku la mizigo nyuma, vikiwa mwili mmoja. Husimuliwa kuwa mke wa mkulima mmoja aliandika barua akiomba gari la kumpeleka kanisani Jumapili na kupeleka nguruwe sokoni Jumatatu. Binamu yangu, ukiondoa nguruwe na kuweka samaki, alikuwa akiomba gari lile lile: la kazi siku sita na la fahari siku ya saba.

Huku kwetu pikapu ilipata kazi zaidi ya hizo. Mjini Nairobi, magari madogo na pikapu za kubeba abiria kinyemela, zilizoitwa matatu kwa nauli yake ya senti thelathini, ziliruhusiwa rasmi na Rais Kenyatta mwaka 1973. Dar es Salaam nayo iliyaruhusu magari ya watu binafsi mwaka 1983, yakaitwa daladala. Mengi ya hayo ya mwanzo yalijengewa nyuma na maseremala na mafundi bati, na Zanzibar unaweza kuona hadi sasa pikapu zenye bodi za mbao zilizofanyiwa kazi kwa upendo. Muziki ulifuata abiria. Katika miaka ya 1980 na 1990 matatu za Nairobi zilisikika kabla hazijaonekana, na serikali ya Kenya ilipobana sheria za matatu mwaka 2004, kelele nazo zilikuwa miongoni mwa malalamiko. Hatukubuni spika wala pikapu, lakini kuvioanisha tulikujua.

Turudi karakana. Binamu alikopa fedha, akanunua spika nyingine ya inchi 10, na safari hii ilikuwa na karatasi yake. Mlikuwa na tarakimu tatu za maana. Ya kwanza ni 30, yaani mitetemo ambayo koni hupenda kuitoa kwa sekunde ikiachwa huru. Ya pili ni 0.45, kipimo cha jinsi inavyotulia baada ya kusukumwa. Ya tatu ni lita 55, yaani kiasi cha hewa ambacho ugumu wake ni sawa na ugumu wa ukingo wa koni hiyo.

Nikapima nafasi nyuma ya kiti. Upana ulikuwa sentimita 100, kimo 35. Kiti kimelala nyuma, kwa hiyo chini palikuwa na kina cha sentimita 22 na juu 12 tu, wastani 17. Nikazidisha nikapata lita 59 na nusu, nikafurahi. Kisha nikakumbuka kuwa spika haikai nje ya mbao. Plaiwudi ilikuwa ya milimita 18, na ukiitoa pande zote, upana unabaki 96.4, kimo 31.4, kina 13.4. Lita 59 na nusu zikawa 40 na nusu. Karibu theluthi nzima imeliwa na mbao! Nikatoa mwili wa spika na vipande vya kukazia, zikabaki 37.

Hesabu iliyofuata haikuwa ngumu. Gawanya 55 kwa 37, jumlisha 1, tafuta kipeuo cha pili chake: unapata 1.58. Ukizidisha kwa 30 unapata 47, ndiyo mitetemo ambayo spika itakuwa nayo ndani ya sanduku lililofungwa. Ukizidisha kwa 0.45 unapata 0.71, na hiyo ndiyo tarakimu wanayoitafuta mafundi, kwa sababu hapo sauti hushuka chini kwa usawa bila ya nundu. Ikipita 1, besi huwa ya kuvimba, noti moja tu inayojirudia kila wimbo. Na kabini yenyewe inasaidia. Wimbi la mitetemo 40 lina urefu wa mita 8 na nusu, refu kuliko gari zima, kwa hiyo ndani ya kabini ndogo hewa haipati nafasi ya kusafiri. Inabanwa na kuachiwa, kama ndani ya pampu. Ndiyo maana sanduku la lita 37 nyuma ya kiti hukutikisa kifua, na likitolewa nje uwanjani huonekana halina kitu.

Nilikata mbao mwenyewe. Mjomba alipita mara moja, akanionyesha kwa kidole ukingo wa ubao ulioinama, akaondoka. Sikumwuliza alikuwa na maana gani. Nikagundisha, nikakaza skrubu, tukawasha. Sauti ilitoka, lakini dhaifu, na ndani yake mlikuwa na mchemko kama wa nyoka. Nikarudia hesabu mara tatu. Zilikuwa sahihi mara tatu zote.

Jioni mjomba akaja na chetezo. Akatia ubani juu ya makaa, moshi ukapanda umenyooka. Akanishika mkono akauweka juu ya koni, akaniashiria nisukume polepole. Yeye akapitisha chetezo kando ya viungo vyote vya sanduku, kimoja kimoja. Kwenye pembe ya chini, pale ubao ulioinama ulipokutana na sakafu ya boksi, moshi ukaruka kando kama uliopulizwa na mtu. Nilikata ukingo ule mraba, wakati mwinamo ulitaka nyuzi kama 16. Palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, urefu wa futi tatu. Mjomba akachanganya gundi na unga wa mbao, akaujaza kwa kisu, akaulainisha kwa kidole gumba. "Sanduku zima," akasema, "ukilisukuma koni, hurudi polepole. Lenye ufa hurudi upesi, halina kinachomshika." Alikuwa ameligundua tatizo langu kwa kuitazama koni ikicheza. Kuisikia hakuisikia.

Asubuhi, gundi ilipokauka, tukawasha tena. Mjomba aliingia kabini, akafunga mlango, akaweka viganja vyote viwili juu ya sanduku. Binamu akaweka kanda ya taarabu, na ngoma zikaanza. Mjomba akakaa hivyo wimbo mzima, macho kayafumba. Alipotoka alisema neno moja, "Nimesikia." Kisha akaenda zake kazini. Sikumwomba radhi siku ile. Niliona kama mambo yamejimaliza yenyewe, nami nikarudi chuoni nikiwa na hadithi nzuri ya kuwasimulia wenzangu.

Mjomba alifariki mwaka 2003. Pikapu iliuzwa zamani, lakini binamu alilitoa sanduku kabla ya kuiuza, na sasa liko ukumbini kwake, limekuwa meza ya televisheni. Viungo vyake havijaachia hata kimoja. Leo kijana akitaka hesabu ile huingiza tarakimu tatu katika simu, jibu likaja kabla hajapepesa macho, na naliona jambo hilo kuwa jema.

Linalonikaa moyoni ni jingine. Nikimtembelea binamu siku hizi, lazima nikae mbele yake aone midomo yangu. Anasema masikio yake yanalia usiku kucha, kama nzi aliyefungiwa chupani. Wataalamu wa usalama kazini wanaweka kiwango cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3, muda hupunguzwa nusu. Kwa desibeli 100 unabaki na robo saa tu. Yeye aliendesha kutoka Tanga hadi Pangani na kurudi, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi, muziki juu, kwa miaka tisa. Mngurumo wa besi tuliuona ni raha ya kifua, tukasahau kuwa ili vyombo vingine visikike juu yake navyo ilibidi vipandishwe. Mimi nilipima lita za hewa hadi nusu lita. Masikio ya aliyeketi mbele ya sanduku sikuyapima, ingawa baba yake alikuwa amesimama mbele yangu kila siku akiwa ushahidi.

Mwezi uliopita mwanawe, naye ana pikapu, alinijia na karatasi ya spika. Nilimpigia hesabu, nikamwonyesha jinsi ya kukata ukingo kwa mwinamo, na tukafukiza ubani kutafuta ufa. Mwishoni nikachukua rangi nyeupe, nikachora alama kwenye kitufe cha amplifaya, nikamwambia hapo ndipo mwisho. Alicheka kidogo, kwa adabu, kama nilivyozoea kucheka mimi. Kisha baba yake, aliyekuwa amekaa barazani na hakuwa amesikia neno hata moja kati ya tuliyoyasema, akanyanyuka, akaitazama ile alama nyeupe, akaigusa kwa kidole, akatikisa kichwa kukubali. Kijana akaacha kucheka.